Jumlisha wati, ongeza robo, nunua: kanuni ya jenereta inayotupoteza

Ukiingia duka la mashine mjini Arusha ukauliza jenereta la nyumbani, swali la kwanza utakaloulizwa ni "Una vitu gani nyumbani?" Muuzaji anachukua kikokotoo, anajumlisha wati za taa, tivii, friji, pasi na pampu, anaongeza kama robo hivi "kwa usalama", halafu anakuonyesha mashine. Ukisita, unaambiwa: "Chukua kubwa kaka, utanishukuru baadaye." Kanuni hiyohiyo utaikuta kwa mafundi wa Tengeru na Usa River, kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwenye miongozo ya mtandaoni. Imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeihoji.

Makala hii inaihoji. Hoja yetu ni kwamba kanuni ya "jumlisha wati" inakosea pande mbili kwa wakati mmoja. Inakuuzia jenereta ambalo ni kubwa mno kwa muda wote umeme ukiwa umekatika, na bado ni dogo mno kwa ile sekunde moja ambayo nguvu inahitajika kweli. Ukiishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, mathalani Nkoaranga, makosa yote mawili yanakuumiza zaidi.

Kwanza tuipe haki yake

Kanuni hii si upuuzi. Inamkumbusha mnunuzi kwamba kila kifaa kina hamu yake ya umeme, na kwamba pasi moja inakula kuliko taa mia moja za LED za wati 9. Inamzuia mtu asinunue kijenereta cha wati 650 kisha akachomeka birika la wati 2,000. Kwa mtu asiyewahi kusoma kibandiko cha nyuma ya friji, hayo ni maarifa tosha ya kuanzia.

Tuichukue basi kwa uzito wake, tuipime kwa nyumba ya mfano. Nyumba ipo Nkoaranga, ina taa sita za wati 9 (jumla 54), tivii ya wati 60, ruta ya wati 10, chaja za simu na kompyuta wati 60, na friji ya wati 120. Jumla ni wati 304. Ongeza pasi ya wati 1,000 na pampu ya maji ya hosipawa moja, yaani kama wati 750. Tumefika wati 2,054. Weka robo juu yake, unapata karibu wati 2,600. Muuzaji atakupa jenereta lililoandikwa kilowati 2.8 au kVA 3.5, na wote wawili mtaachana mkiwa mmeridhika.

Swali ambalo kikokotoo hakikuuliza: vitu hivi vyote vinawaka pamoja lini?

Wati bila saa ni nusu ya hesabu

Wati inaeleza kasi ya kutumia umeme. Unachokilipia, iwe kwa Luku au kwa petroli, ni kasi hiyo mara muda, na mtaani tunaiita uniti: wati 1,000 kwa saa moja. Kanuni ya dukani inajumlisha kasi, inasahau saa.

Umeme ukikatika saa moja jioni ukarudi saa tano usiku, hakuna anayepiga pasi saa zote nne. Pampu haisukumi maji saa zote nne. Friji yenyewe haifanyi kazi mfululizo. Kompresa inawaka na kuzima, na tukisema inafanya kazi asilimia 40 ya muda, wastani wake ni wati 48 tu. Ukipiga hesabu upya, nyumba yetu inatumia wastani wa wati 232. Kwa saa nne hiyo ni takriban uniti 0.9. Haifiki uniti moja!

Sasa tazama jenereta la kilowati 2.8 likilisha wati 232. Linafanya kazi chini ya sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Je, linakula petroli sehemu moja ya kumi? Hapana, na sababu yake ndiyo fizikia ambayo kibandiko hakiisemi.

Jenereta la kawaida la petroli lazima lizunguke mizunguko 3,000 kwa dakika ili litoe umeme wa hezi 50, kama ule wa TANESCO. Likibeba mzigo mkubwa linazunguka 3,000. Likibeba taa moja, 3,000 ileile. Pistoni inapanda na kushuka, hewa inavutwa, oili inasukumwa, feni inapoza injini, msuguano unakula nguvu. Yote hayo yanalipiwa na petroli kabla taa hata moja haijawaka. Mashine ya ukubwa huu ikiwa karibu tupu hunywa takriban lita 0.7 kwa saa. Ikibeba mzigo wake wote, takriban lita 1.4. Mzigo umeongezeka mara kumi, mafuta yameongezeka mara mbili tu.

Tuseme lita ya petroli ni shilingi 3,000. Kwa saa nne umetumia lita 2.8, sawa na shilingi 8,400, ukapata uniti 0.9. Uniti moja imekugharimu zaidi ya shilingi 9,000. Bei ya TANESCO kwa mteja wa kundi la T1 ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Umelipa zaidi ya mara thelathini. Jenereta hilohilo likibeba kilowati 2.5, uniti inashuka hadi kama shilingi 1,700. Bado ni ghali, lakini ni mbali sana na 9,000.

Angalia kwa jicho la nishati pia. Lita moja ya petroli ina joto la karibu uniti 9, kwa hiyo lita 2.8 zina uniti 25. Umeambulia 0.9, chini ya asilimia 4. Zilizobaki zimeondoka kama joto, moshi, na kelele ambazo jirani anazisikia bure.

Kwa hiyo malalamiko ya kawaida kwamba "jenereta linakula hela" yanahitaji marekebisho. Kinachokula hela ni jenereta tupu, na kanuni ya "chukua kubwa" inahakikisha kwamba lako litakuwa tupu karibu muda wote.

Mlima nao unakata chake

Hapa ndipo tunageukia upande wa pili. Jenereta hilohilo, kubwa mno kwa taa na tivii, linaweza kushindwa kuwasha pampu. Inakuwaje?

Sababu ya kwanza ni hewa. Injini inachoma petroli kwa oksijeni, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Watengenezaji wa injini ndogo huandika kwenye vitabu vyao kwamba nguvu hupungua kwa takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Jiji la Arusha lipo kwenye mita 1,400 hivi. Tukichukua mita 1,500 kama mfano wa mteremkoni, umepoteza asilimia 17.5. Kibandiko cha kilowati 2.8 kimekuwa 2.3. Hakuna aliyekudanganya: namba ni ya kweli, ila ni ya Tanga au Dar es Salaam. Ile robo uliyoongezewa "kwa usalama", mlima umekwisha kuila sehemu kubwa.

Tena kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani inamimina mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Matokeo ni moshi mweusi, plagi yenye masizi, na mafuta ya ziada yanayopotea. Kwa baadhi ya injini, mtengenezaji anatoa jeti ndogo ya kabureta kwa ajili ya miinuko. Muulize muuzaji kuhusu hilo. Akikodoa macho, umejifunza kitu kuhusu duka.

Sababu ya pili ni maandishi yenyewe. Majenereta mengi yana namba mbili: ya juu kabisa, ambayo mashine inaihimili kwa muda mfupi, na ya kazi ya kudumu. Ile kubwa ndiyo inayochapwa kwa herufi nene kwenye boksi. Halafu kuna kVA na kilowati. Kwenye jenereta ambalo kipimo chake kinasomeka 0.8, kVA 3.5 ni kilowati 2.8. Anayelinganisha bei ya "3.5" ya mashine moja na "2.8" ya nyingine anaweza kuwa analinganisha kitu kilekile mara mbili.

Sababu ya tatu ni ile sekunde moja. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko ikiwa imeshika kasi. Pampu ya hosipawa moja, ambayo kwa kweli inavuta zaidi ya wati 1,000 ikiwa kazini kwa sababu mota nayo ina hasara zake, inaweza kudai mara tatu hadi tano ya hapo wakati wa kuanza. Kilowati 2.3 haziwezi. Utasikia injini inaguna, taa zinafifia, na fyuzi inaruka. Friji inafanya vivyo hivyo kwa kiwango kidogo: wati 120 kazini, mamia kadhaa kwa nukta moja ya kuanza. Kujumlisha wati za kwenye kibandiko hakuwezi kukuonyesha hayo, maana kibandiko kinaeleza kifaa kikiwa kimetulia.

Unaona sasa ubishi wetu ulipo. Ukijaribu kutibu tatizo la sekunde moja kwa kununua mashine kubwa zaidi, unalizidisha tatizo la saa nne. Ndani ya kanuni hii hakuna namna ya kutoka.

Kanuni ya zama za mgao

Ilitoka wapi basi? Dhana yetu ni kwamba kanuni ya "jumlisha wati" imelelewa na mgao. Miaka ya ukame kama 2006 na 2011, mabwawa yalipokauka, umeme ulikatwa kwa ratiba na kwa saa nyingi. Wakati ule hata taifa lilisaka majenereta ya dharura: mkataba wa Richmond wa 2006, wa megawati 100, ulizaa sakata lililomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Nyumbani, aliyeweza alinunua mashine ya kuendesha nyumba nzima mchana kutwa. Kwa hali ile, kufikiria "nyumba nzima" kulikuwa na mantiki.

Hali imebadilika. Mgao ulirudi mwishoni mwa 2023, lakini Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuingiza umeme kwenye gridi, na mradi mzima una uwezo wa megawati 2,115. Kwetu kaskazini, tatizo limehamia zaidi kwenye njia za kusafirishia. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, akitaja hasara ya kuusafirisha kutoka mitambo iliyo mbali. Na huku mteremkoni kuna sababu za karibu zaidi: upepo, mvua za masika, tawi la mgrivilea lililoangukia waya. Kukatika kwa aina hii hakuna ratiba, na mara nyingi ni kwa saa chache, si mchana kutwa. Dawa ya mgao haiwi moja kwa moja dawa ya tawi la mti.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza haifanyiki dukani, inafanyika kwenye daftari. Kwa wiki nne andika: umeme umekatika saa ngapi, umerudi saa ngapi, na ni kitu gani hasa kilikwama. Safu hiyo ya tatu ndiyo muhimu. Watu wengi watagundua kwamba kilichokwama ni mwanga, chaji, na mtoto wa kidato cha nne aliyekuwa anajisomea.

Namna nyingine ya kuchagua

Badala ya kujumlisha vifaa vyote, vigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vidogo vinavyohitajika muda wote: taa, ruta, chaja, tivii. Kwa nyumba yetu ni wati 184. Mzigo huu haumfai injini hata kidogo, unaifaa betri. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina karibu uniti 1.28, inatosha saa nne na ziada. Betri ya risasi ya ukubwa huohuo itoe nusu tu ya uniti zake ukitaka idumu, kwa hiyo hesabu uniti 0.6. Kukiwa na umeme inajichaji kwa shilingi 292 za T1, si kwa 9,000.

Fungu la pili ni vinavyoweza kusubiri. Pasi isubiri. Friji nayo isubiri: ikiwa imefungwa haifunguliwi-funguliwi, hubaki na ubaridi unaofaa kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa kwa karibu siku mbili. Maji yasubiri kwenye simtanki, ambayo unaijaza umeme ukiwepo. Simtanki moja juu ya mnara inakuondolea ile sekunde moja ya pampu iliyokuwa inakulazimisha ununue mashine kubwa.

Fungu la tatu ni vizito visivyoweza kusubiri. Hapa ndipo jenereta linapostahili heshima yake. Mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni nyumbani anahitaji kama wati 350 bila kukoma, usiku kucha, na betri moja haitoshi. Mwenye vifaranga chini ya taa za joto, mwenye tangi la kupoza maziwa, fundi wa kuchomelea mwenye kazi ya watu: hao hatuwaambii wasubiri. Hospitali ndiyo kabisa, chumba cha upasuaji hakingoji TANESCO. Wasiokuwa na fungu la tatu wajiulize mara mbili kama wanahitaji injini.

Kuna atakayesema: kwa nini sola isimalize yote? Inasaidia sana, ila mtu wa Meru anajua Juni hadi Agosti wingu linavyoweza kulala juu ya mlima siku nzima. Siku hizo paneli zinavuna kidogo, na kijenereta kinakuwa mwokozi wa betri. Mchanganyiko huo ndio tunaouona bora: betri kwa kila siku, injini kwa siku mbaya.

Ukinunua injini kwa ajili hiyo, kwa nyumba yetu ya mfano jenereta la aina ya inveta la kilowati 2 za kudumu linatosha. Tofauti yake na la kawaida ni kwamba umeme wake unatengenezwa upya na saketi za kielektroniki, hivyo injini ina ruhusa ya kupunguza mizunguko mzigo ukiwa mdogo. Mlimani litakupa karibu kilowati 1.65, na friji itaanza bila kuguna. Bei yake ya kununulia ni kubwa kwa kila kilowati, na huo ni ukweli usiofichika. Lakini ukumbuke 8,400 za usiku mmoja: umeme ukikatika mara nne kwa mwezi, ni zaidi ya shilingi 400,000 kwa mwaka zinazoingia kwenye tangi la mashine kubwa.

Na ukiliwasha, libebeshe. Saa moja na nusu ya kuchaji betri, kupoza friji na kupiga pasi kwa mkupuo ni nafuu kuliko saa nne za kuangalia taarifa ya habari. Angalia tu chaja yako: ya ampea 10 kwa betri ya volti 12 inavuta kama wati 120 tu, na utarudi kulekule kwenye jenereta tupu. Ya ampea 40 inavuta zaidi ya 500.

Kasoro kubwa kuliko zote

Kanuni ya dukani ina pengo moja ambalo halihusu pesa. Haisemi jenereta litakaa wapi wala litaungwaje, na hayo mawili yanaua.

Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishikiza kwenye damu mahali pa oksijeni. Mvua ikinyesha, na wezi wakiogopwa, watu huweka mashine kwenye varanda, gereji, au jiko la nje lililoegemea nyumba. Usifanye hivyo. Iwe nje kabisa, angalau mita 6 kutoka madirisha na milango, moshi ukielekea upande usio na watu, na iwe na paa lake lisilo na kuta. Nunua waya mrefu na mnene badala ya kuisogeza mashine karibu. Mtu anayeumwa kichwa na kusikia kichefuchefu huku jenereta linanguruma hana "uchovu wa kazi". Mtoe nje haraka.

La pili ni ule waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ili "kulisha nyumba nzima". Meni swichi isipozimwa, umeme wako unatoka kupitia mita hadi kwenye transfoma, na transfoma haibagui upande: volti 230 zinapanda kuwa 11,000 au 33,000 kwenye waya ambao fundi wa TANESCO anaushika akiamini umekufa. Ni ndugu wa mtu yule, amepanda nguzo kukurudishia umeme. Weka swichi ya kubadilishia njia, ile mafundi wanayoiita chenjiova, ifungwe na fundi mwenye leseni. Kama bajeti haitoshi chenjiova, chomeka vifaa moja kwa moja kwenye jenereta na uiache nyumba.

Ukienda dukani, basi, nenda na maswali matatu. Namba ya kudumu ni ngapi kwa kilowati, si kVA? Kwa mzigo wa robo linakunywa lita ngapi kwa saa? Na kabureta yake inarekebishika kwa mwinuko wa Arusha? Muuzaji mzuri atakuwa na kitabu cha mashine na atakufungulia ukurasa. Asipokuwa nacho, rudi na daftari lako la wiki nne ukatafute duka lingine.